Haki ya Mfungua Njia

Mtu akiingia katika msitu usio wake, akang'oa visiki, akasogeza mawe, akachimba mapito ya maji na kutandika mbao juu ya kijito hata pakawa na njia, je, njia ile ni yake? Mwanasheria atajibu kabla swali halijaisha kwamba si yake, na mahakamani jibu lake litasimama. Lakini neno lililosimama mahakamani laweza kuyumba katika dhamiri, na kuyumba huko kunastahili kuchunguzwa.

Swali hili si la kubuni. Linaulizwa katika kisiwa cha Vancouver, pwani ya magharibi ya Kanada, kisiwa chenye urefu upatao kilomita 450, chenye mvua nyingi, mierezi, na miti mirefu iitwayo kwa jina la Douglas. Upande wake wa mashariki, chini ya milima, uko mji mdogo wa Cumberland. Ulianzishwa mwaka 1888 kwa ajili ya makaa ya mawe, na mgodi wake wa mwisho ukafungwa mwaka 1966. Mji uliozaliwa na shimo hutazamiwa kufa shimo linapofungwa. Cumberland haukufa, na miongoni mwa mambo yaliyoupa uhai wa pili ni jambo ambalo wachimbaji wa kale wangelicheka: baiskeli.

Baiskeli za milimani hazina ukoo mrefu. Katika miaka ya 1970 vijana wa Marin, katika jimbo la California, walizichukua baiskeli kuukuu nzito zenye matairi manene, wakawa wanateremka nazo kwa kasi katika barabara za vumbi. Mwaka 1976 walianza kushindana. Mchezo ukapanda kaskazini hata British Columbia, na huko vumbi likageuka matope, barabara ikageuka kijia chembamba kati ya mizizi. Ndipo mpanda baiskeli alipolazimika kuwa mjenzi, maana msitu wa mvua haumpi mtu njia asiyoitolea jasho.

Kazi hiyo yafaa itazamwe kwa karibu, kwa sababu hoja yote imejengwa juu yake. Mfungua njia hutembea kwanza mikono mitupu, mara nyingi wakati wa mvua, akiangalia maji yanakwenda wapi. Akiichora njia moja kwa moja kutoka kileleni hadi bondeni, maji yataifanya mfereji, na baada ya masika machache itakuwa handaki. Kwa hiyo huikatiza ubavuni mwa mlima. Huondoa majani yaliyooza na udongo mweusi laini hata akafika kwenye udongo mgumu, kisha huuinamisha kidogo upande wa bondeni ili maji yavuke njia wala yasiifuate. Mizizi mikubwa huiacha, kwa kuwa mti aliouua leo utamwangukia kesho. Penye bwawa hupasua mwerezi, akafanya daraja. Na akimaliza hajamaliza: usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa njia huzibwa kila mwaka. Mtu afanyaye kazi hii bila ujira, siku zake za mapumziko, huona kwa haki kabisa kwamba ametia sehemu ya maisha yake katika udongo ule.

Lakini udongo ule una mwenyewe. Misitu mingi inayoizunguka Cumberland imekuwa mali ya kampuni za mbao, na kampuni hupanda na kulinda miti ili iikate. Siku ya kukata ikifika, mashine hupita juu ya kazi ya miaka kumi kwa asubuhi moja, na mahali palipokuwa na njia hubaki visiki na matawi. Mfungua njia hana pa kushitaki. Katika Uingereza watu wakipita mahali waziwazi kwa miaka 20, bila nguvu na bila kuomba ruhusa, kupita kwao kwaweza kuwa haki. Sheria ya ardhi ya British Columbia imeifuta njia hiyo ya kupata haki. Hata katika ardhi ya umma, kufungua njia bila kibali ni kosa.

Hapo ndipo wapenzi wa njia wanapoikimbilia hoja ambayo wengi wao hawajui imetoka kwa nani. Ilitoka kwa John Locke, Mwingereza aliyechapisha kitabu chake juu ya serikali mwaka 1689. Locke alifundisha kwamba kila mtu anamiliki nafsi yake, na kwa hiyo anamiliki kazi ya mikono yake. Akiichanganya kazi hiyo na kitu ambacho hakijawa cha mtu, kitu kile huwa chake. Hoja tamu hii! Lakini tazama sharti lake: kitu kisiwe cha mtu. Msitu wa Cumberland si wa aina hiyo, kwa hiyo kwa mizani ya Locke mwenyewe mfungua njia amechanganya jasho lake na mali ya mwingine, na aliyefanya hivyo amelipoteza jasho.

Kesi ingekwisha hapo, na kampuni ingeondoka na ushindi, kama asingekuwapo mtu wa kuuliza kampuni ilipata wapi. Mwaka 1884 serikali ya British Columbia, kwa makubaliano na serikali ya Kanada, ilitenga ardhi ipatayo hekta 800,000 katika kisiwa cha Vancouver, yaani karibu robo ya kisiwa kizima, iwe malipo kwa wajenzi wa reli ya kutoka Esquimalt hadi Nanaimo. Kiongozi wao alikuwa Robert Dunsmuir, tajiri wa makaa ya mawe. Reli ikakamilika mwaka 1886. Kipande baada ya kipande, ardhi ile iliuzwa na kuuzwa tena hata ikafika mikononi mwa kampuni za mbao. Hati zake ni halali, hapana shaka. Lakini hati ya kwanza iliandikwa bila kuwauliza K'ómoks, wenyeji wa bonde lile, ambao hawakuwa wametia sahihi mkataba wowote wa kuitoa ardhi yao.

Na K'ómoks walikuwa wamefanya kazi. Katika matope ya ghuba ya Comox, maji yakipwa, vimeonekana vigingi vya mbao kwa makumi ya maelfu, masalio ya mitego ya samaki iliyopangwa kwa ustadi, mfano wa nyando wanazozijua wavuvi wa pwani ya Afrika Mashariki. Baadhi yake ina umri unaozidi miaka 1,000. Kaskazini kidogo, katika kisiwa cha Quadra, wenyeji walijenga kuta za mawe pwani ili kome waongezeke, na kuta za zamani kabisa zimekadiriwa kuwa na miaka 3,500. Locke aliiona Amerika kuwa pori lisilolimwa. Macho yake yalizoea kulitambua jembe peke yake, vigingi hakuviona. Kosa hili si la macho tu. Likitumiwa na mwenye nguvu huwa hati ya kumiliki.

Basi mfungua njia anayeishitaki kampuni kwa hoja ya jasho na ajihadhari, kwani hoja hiyo haisimami mlangoni mwake. Ikiwa kazi inampa haki yeye aliyefanya kazi miaka kumi, inawapa nini waliofanya miaka 1,000? Hawezi kuichukua hoja akaikata kwa kipimo cha mguu wake mwenyewe.

Je, jasho halimpi kitu? Linampa, ila kitu hicho si umiliki. Aliyemlea mtoto wa mwingine hawi mzazi wake, lakini mzazi akimpeleka mtoto yule mbali bila kumwambia mlezi neno, watu husema ametenda vibaya, na husema kweli. Mlezi alistahili kuambiwa. Kadhalika mwenye ardhi aliyeiona njia, akaiacha, akanyamaza miaka mingi huku watu wakiitengeneza na kuipenda, amefungwa na ukimya wake. Hakufungwa asikate mti. Amefungwa asikate bila kusema. Mwenye ardhi atajibu kwamba hakumwomba mtu yeyote aje kuchimba, na jibu hilo lina uzito. Lakini lina uzito siku ya kwanza kuliko siku ya elfu tatu.

Deni la mfungua njia ni zito zaidi, kwa sababu yeye ndiye aliyeingia bila hodi. Anauwiwa na kijito, maana matope ya njia mbovu hushuka mpaka kwenye changarawe ambamo samaki salmoni hutaga mayai. Anauwiwa na aendaye kwa miguu, anayeshtuliwa na gurudumu lililotokea konani. Katika kisiwa kidogo cha Hornby, kinachofikiwa kutoka Cumberland kwa kuvuka vivuko viwili, mlima Geoffrey haufiki meta 400, na juu yake waenda kwa miguu, wapanda farasi na wapanda baiskeli hukutana. Mahali padogo namna hiyo kila njia mpya ni msitu uliopunguzwa, na kuacha kufungua kwaweza kuwa kazi bora kuliko kufungua.

Ni haki kusema kwamba Cumberland walijaribu kulilipa deni lao. Mwaka 2000 wakazi waliunda jumuiya ya kuununua msitu, na tangu mwaka 2005 vipande kadhaa vimenunuliwa kwa fedha za michango, vikawekwa kuwa mali ya mji. Katika miaka ya 2010 chama cha waendesha baiskeli, mji na wenye misitu waliafikiana kwa maandishi: njia ziruhusiwe, chama kizitunze, na kampuni zisipoteze haki yao ya kukata. Hakuna upande uliopata yote. Wenye pupa waliona wameuza uhuru wao, kwa kuwa njia ya siri ina utamu wake. Lakini mtu hawezi kudai aheshimiwe na yule anayemficha.

Utamu huo wa siri, hata hivyo, usidharauliwe. Misitu hiyo hiyo ilimficha Ginger Goodwin, kiongozi wa wachimba makaa aliyekataa kupelekwa vitani, na watu wa Cumberland walimpelekea chakula katika vijia ambavyo serikali haikuvijua. Aliuawa kwa risasi ya askari tarehe 27 Julai 1918, na hakuna aliyehukumiwa. Msitu wenye ruhusa kila mahali usingemfaa mtu yule hata siku moja.

Mwezi wa Machi 2025 K'ómoks walipiga kura, wakaukubali mkataba waliojadiliana na Kanada na British Columbia kwa miaka mingi, mkataba ambao mababu zao hawakuwahi kuulizwa. Wenye majembe waliozoea kubisha hodi katika mlango mmoja wa kampuni wana mlango mwingine sasa, nao ndio uliokuwapo kwanza.