Heri Kwanza, Faida Baadaye

Mahindi ya Trans Nzoia yakishavunwa, ndipo baba alipokuwa akinichukua kutoka Bungoma hadi Kitale kulipa deni la mbolea katika duka la Mhindi. Mwaka mmoja tulichelewa, giza likatukuta mjini. Ghafla mlio, kisha anga yote ikawaka nyekundu na kijani. Nilijificha nyuma ya koti la baba. "Usiogope, mtoto wangu," mwenye duka akaniambia. "Leo ni Diwali."

Kwetu shangwe kubwa ilikuwa ya Agosti, njuga za vijana wa Kibukusu waendao tohara. Maana yake niliijua tangu utotoni. Ya fataki nilijua kelele tu.

Diwali huangukia usiku usio na mwezi, Oktoba au Novemba. Wahindu wengi husimulia kwamba watu wa Ayodhya waliwasha taa kumpokea Rama aliporejea baada ya miaka 14 uhamishoni. Asili yake basi ni taa, kile kibakuli cha udongo chenye mafuta na utambi. Fataki zilifuata karne nyingi baadaye, baruti ilipofika India. Wafanyabiashara wa Kigujarati wana desturi nyingine inayonigusa zaidi: hufunga hesabu za mwaka, kisha hufungua daftari jipya, aghalabu lenye jalada jekundu, na kuliombea mbele ya Lakshmi, mungu wao wa neema. Humo huandika maneno mawili, Shubh na Labh. Heri, halafu faida. Nimefanya biashara miaka mingi, na sijaona funzo la biashara linalolishinda hilo kwa mpangilio wake.

Jioni ile mwenye duka alifungua daftari la zamani, akapiga mstari kwenye deni la baba, akamwambia, "Asante, mzee," wakashikana mikono. Sikujua kwamba hiyo nayo ilikuwa sehemu ya sikukuu.

Tangu reli ilipofika Kitale mwaka 1926, hadi Wakenya wenye asili ya Asia walipotambuliwa na serikali kuwa kabila la 44 mwaka 2017, tumenunua kwao sukari, mabati na mbegu, na wengi wetu hatujawahi kuwauliza taa zile ni za nini.

Mwaka huu ukiziona zimewashwa mlangoni pa duka, usipite. Bisha hodi, uulize. Na kama jina lako limo daftarini, nenda ukalipe deni lao.