Kumaliza na Kuyakinisha

Msomaji, kumaliza kazi ni jambo moja, na kuyakinisha kuwa kazi imemalizika ni jambo jingine. Watu wengi hulijua la kwanza na kulisifu. La pili hulidharau kwa kuwa halina jasho wala shangwe. Nataka tulipime jambo hili pamoja, na mizani yetu itakuwa kitu kidogo: tangi la kioo lenye samaki.

Nilipokuwa mwalimu mgeni katika shule moja ya Kitisuru, viungani mwa kaskazini-magharibi ya Nairobi, ambako zamani yalikuwako mashamba ya kahawa, tulifuga darasani samaki 12 wa jamii ya fulu, ambao asili yao ni Ziwa Viktoria. Ijumaa moja ya mwezi wa Julai nilibaki nyuma kulisafisha tangi lao. Nilizima umeme, nikatoa sehemu ya maji, nikasugua vioo, nikasuuza sponji ya kichujio, nikatia maji mapya na kurudisha kila kitu mahali pake. Kioo kiling'aa hata nikajisifu moyoni. Nikafunga mlango, nikaenda zangu. Swichi ya ukutani sikuiwasha. Pampu ikakaa kimya siku mbili na zaidi, na kipasha joto kikakaa baridi, katika majira ambayo usiku wa Nairobi huweza kushuka karibu na digrii 10. Jumatatu asubuhi samaki 9 walikuwa wakielea, wamekufa, juu ya maji maangavu.

Mwanafunzi mmoja akaniuliza, "Mwalimu, nani amewaua?" Ulimi wangu ulikuwa tayari kujibu, "Baridi." Jibu hilo lilikuwa na ukweli ndani yake, lakini ulikuwa ukweli wa mtu anayejificha. Nikasema, "Ni mimi."

Je, nilistahili lawama? Yuko atakayesema kuwa kusahau si kosa, maana hakuna asahauye kwa kukusudia. Neno hilo lina haki yake. Sikuchagua kuisahau swichi. Lakini nilichagua kuondoka bila kutazama. Macho nilikuwa nayo, na dakika tano nilikuwa nazo. Kusahau hutujia, kutotazama hutoka kwetu wenyewe. Na kwa kuwa kila mtu hujua kwamba yeye ni msahaulifu, hana udhuru wa kuiamini kumbukumbu yake peke yake.

Mwingine atasema kuwa walikuwa samaki tu, na kwamba sokoni wengi zaidi huuzwa wamekufa kila siku. Ni kweli, nami hula samaki. Lakini fikiri. Samaki wa ziwani, maji ya mahali yakimchafukia, huhama akatafuta mahali pengine. Mapezi yake ndiyo ulinzi wake. Tulipomtia ndani ya kioo tulimnyang'anya njia hiyo, na ulinzi uliokuwa katika mapezi yake ukahamia katika mikono yetu. Hawezi kubisha mlango, wala hawezi kuita. Kadiri anayetegemea asivyoweza kusema, ndivyo anayetegemewa apaswavyo kutazama.

Kutazama kwenyewe kuna utaratibu. Kipasha joto kisiwashwe mpaka kimezama, kwa kuwa kikiwaka nje ya maji hupata moto mwingi na kioo chake huweza kupasuka. Pampu isisikilizwe tu. Maji yaonekane yakitoka, maana pampu yenye hewa tumboni huweza kunguruma bila kusukuma tone. Maji ya bomba yaondolewe klorini, ambayo huunguza matamvua ya samaki na kuua bakteria wa kichujio, wale wanaogeuza amonia, sumu itokayo katika uchafu wa samaki wenyewe. Kipimajoto kisomwe, na baada ya saa moja kisomwe tena. Fulu hukaa vyema katika digrii 24 hadi 26. Tena Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na maji yake hushika oksijeni kidogo kuliko ya Mombasa yenye joto lile lile. Pampu ikinyamaza huku, muda wa kujirekebisha ni mfupi.

Usidhani kuwa jambo hili ni la darasa moja tu. Katika miaka ya 1950 na 1960 sangara, ambaye wavuvi wa Kenya humwita mbuta, alitiwa katika Ziwa Viktoria ili kukuza uvuvi. Kazi ilifanyika ikaisha. Kufikia miaka ya 1980 sangara alikuwa ameenea kila upande, na jamii nyingi za fulu zilikuwa zimetoweka au kupungua mno. Baadhi ya zile zisizoonekana tena ziwani zilihifadhiwa katika matangi ya Ulaya na Marekani. Kwa samaki hao swichi ya ukutani si kitu kidogo: nyuma yake iko jamii nzima.

Sikuambii uwe mtumwa wa shaka, ukirudi mlangoni mara kumi usiku. Huo ni ugonjwa, si uangalifu. Tazama mara moja, kwa macho na kwa mkono, kisha ulale. Lakini mara hiyo moja usiiache, utakapokuwa muuguzi, fundi, dereva au mzazi. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mara nyingine mguu uotao tende si wa yule aliyedharau.

Ijumaa iliyofuata mwanafunzi yule yule alibaki nami. Hakuniamini, wala sikumlaumu. Nilipowasha swichi alitia mkono wake penye mdomo wa kichujio, akangoja, akasema, "Yanatoka." Tukakisoma kipimajoto. Ndipo tukafunga mlango.