Waliobaki na Walibora

Kwenye matatu ya Kawangware nimemwona dada akisoma Siku Njema ya Ken Walibora, jalada limeshikwa kwa selotepu, midomo ikimchezacheza. Riwaya hiyo ilitoka 1996, na mhusika wake mkuu, Kongowea Mswahili, tulimjua kama mwanafunzi mwenzetu. Baadaye riwaya yake nyingine, Kidagaa Kimemwozea, ikatahiniwa shuleni. Wapo walioisoma kwa ajili ya mtihani tu, wapo waliobaki na mwandishi. Hao wa pili nawapenda mno: walimtafuta hata kwenye taarifa ya habari aliyokuwa akiisoma. Aprili 2020, alipogongwa na matatu Barabara ya Landhies akafariki, walimlilia kweli. Kama unacho kitabu chake nyumbani, leo mwazime kijana wa jirani.