YESU ALIBAKI NJE

Andiko: Marko 1:40-45

Majirani zetu Wakatoliki wako katika Kwaresima. Sisi hatupakwi majivu, lakini tunapoelekea Pasaka nasi yafaa tujichunguze. Leo wacha nianze na mimi.

Kuna mama mzee kanisani kwetu. Nimemwomba ruhusa niandike haya bila jina lake, akakubali. Tangu mumewe afariki na maneno ya shamba kuanza, kijiji kinamwita omorogi. Jumapili moja aliingia ibadani akaketi. Waliokuwa kwenye benchi lile wakainuka mmoja mmoja, wakahamia nyuma. Mimi nilikuwa madhabahuni, maikrofoni mkononi. Niliona. Nikaendelea kusoma matangazo.

Jumanne nilimtembelea, nimebeba sukari. Akanipikia chai. Nikaiangalia mpaka ikapoa. Nikamwambia nimefunga. Sikuwa nimefunga. Akanitazama, akasema, "Hata wewe, mchungaji?"

Wapendwa, sisi wa Kisii na Nyamira tunajua mambo haya yanakoishia. Mei 2008 watu 11, wengi wao wazee, walichomwa moto Kisii wakishukiwa uchawi. Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa kule Marani kwa neno hilo hilo. Kiberiti huja mwisho. Kwanza benchi hubaki tupu, kisha kikombe cha chai hukataliwa. Na sisi wahubiri tumechangia. Tukipaza sauti kwamba adui yako anaishi karibu na anajua mpaka jikoni kwako, unafikiri watu wakirudi nyumbani wanamtazama nani?

Mtu ameniuliza, "Na kama ni kweli?" Ndugu, mzee akisahau njia ya kwake akapatikana usiku kwa boma la mwingine, huo mara nyingi ni ugonjwa wa uzeeni. Na wanafunzi walipotaka moto ushuke uwateketeze Wasamaria, Yesu hakuanza kuchunguza makosa ya Wasamaria. Aliwakemea wanafunzi (Luka 9:54-55).

Sasa turudi kwa Marko. Kwa sheria ya Walawi 13, mwenye ukoma alikaa peke yake nje ya kambi. Yesu angeweza kumponya kwa neno tu, akiwa mbali. Lakini alinyoosha mkono akamgusa kabla hajatakasika. Halafu soma mstari wa 45. Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo huwa nauliza: nani amelipa? Aliyekuwa nje amerudi kwa watu. Yesu ndiye hawezi tena kuingia mjini waziwazi, anakaa mahali pasipo na watu. Wamebadilishana nafasi! Na Waebrania 13:12-13 inatuambia aliteswa nje ya lango, nasi tumeitwa tumfuate huko huko nje.

Rehema ina gharama, mpendwa. Ukimgusa aliyetengwa, na wewe utatengwa kidogo.

Juma lililofuata nilirudi kwa yule mama. Nikaomba msamaha, halafu nikaomba chai. Nikanywa vikombe viwili. Sasa kuna watu sokoni ambao hawanisalimii kama zamani. Ni sawa.

Nakuomba mambo mawili. Ukisikia vijana wanapanga kwenda kwa boma la mzee yeyote, usinyamaze. Mwambie chifu, piga simu polisi, niamshe hata saa nane usiku. La pili, Jumapili hii nitashuka madhabahuni niketi na mama yetu wakati wa sifa. Benchi lile linatosha watu watano. Sisi ni wawili. Nafasi tatu ziko wazi.

Tuombe: Bwana Yesu, ulitugusa tukiwa wachafu. Tusamehe kwa kuinuka na kuondoka. Tupe ujasiri wa kuketi. Amina.