Ubingwa wa Mdomoni

Kila mwaka, kabla Ligi Kuu ya Tanzania Bara haijaanza, watu huzipanga timu: hii ya kwanza, ile ya pili, nyingine itashuka daraja. Hata Bulwa, kati ya mashamba ya chai ya Usambara, mashabiki wa Simba na Yanga hugawana ubingwa kabla mpira haujapigwa. Je, ni kosa?

Kukisia si kosa. Mkulima naye hutazama mawingu akakisia mvua. Wala watu hawa hawasemi ovyo, kwani vilabu hivyo viwili vimetwaa ubingwa mara nyingi kuliko vingine vyote. Lakini mwaka 1988 bingwa alikuwa Coastal Union ya Tanga. Na mwaka 2016 Leicester City ilitwaa ubingwa wa Uingereza, ingawa msimu ulipoanza wachezesha kamari waliahidi malipo ya mara 5,000 kwa aliyeitabiria ushindi.

Kosa huanza pale makisio yanapogeuzwa hukumu. Hapo kijana huweka karo ya mdogo wake kwenye kamari, kana kwamba matokeo yamekwisha kuandikwa. Hapo pia timu ndogo hudharauliwa kabla ya kucheza, na ikishinda huambiwa ni bahati tu, jasho lake lisihesabiwe. Huko ni kuwanyima watu haki yao.

Basi, ndugu wasomaji, tukisie kwa furaha, bali heshima tuitoe baada ya kazi. Nanyi wazazi, angalieni: mtoto naye asipangiwe nafasi ya mwisho nyumbani kabla hajaketi darasani.