Kungoja si Kupumzika

Nilishuka Karema, kama kilometa 120 kutoka Mpanda, nikawakuta makuli wa ziwani siku ambayo boti haikufika. Walikuwa wamejilaza chini ya mwembe. Mwenzangu, mtumishi wa mshahara, akacheka: "Hawa wanapumzika siku tatu kwa juma, nasi twaambiwa kazi yao inachosha!"

Nilimwuliza mzee mmoja kama amelala. "Nimefumba macho tu, mwanangu. Masikio yako ziwani." Alikuwa akisikiliza injini. Boti ikifika saa nane usiku, asiyeamka hana kazi. Na ikifika, magunia hayangoji mgongo upoe.

Je, mtu huyo amepumzika? Mimi nasema hapana. Mwenye mshahara akienda likizo, mshahara humfuata nyumbani. Kibarua akilala, njaa ya watoto hulala naye, tena yeye ndiye huamka kwanza.

Jambo hili ni la zamani. Katika bandari zetu za pwani makuli wengi walikuwa vibarua wa kutwa, wakiitwa meli ikitia nanga na kusahauliwa iking'oa. Wa Mombasa waligoma Januari 1947 pamoja na wafanyakazi wengine wa mji; wa Dar es Salaam Septemba mwaka ule ule, na mgomo ukapanda na reli hata bara; wa Unguja 1948. Twawakumbuka kuwa walidai shilingi. Walidai, ndiyo. Lakini nadhani shilingi ile ilikuwa pia bei ya usiku mmoja wa usingizi.

Leo sheria ya ajira ya 2004 yaweka saa 45 za kawaida kwa juma, na saa 24 mfululizo za mapumziko. Ni sheria njema. Ila yahesabu saa, haihesabu hofu.

Nasi kanisani tuna kosa letu. Husema, "Watu wale ni wagumu, wamezoea." Aliyezoea kuumwa mgongo bado anaumwa mgongo! Sifa ya uvumilivu ni rahisi kuitoa, maana haitoki mfukoni. Amri ya Sabato ilimtaja mtumwa na ng'ombe pamoja na bwana wao, ili bwana asipumzike juu ya mgongo wa mwingine.

Mtu atasema upepo wa Tanganyika hauna ratiba, na mwenye boti hawezi kuahidi lo lote. Kweli. Basi swali ni nani aubebe mzigo wa kutojua: je, ni yule yule abebaye na magunia?

Mzee yule aliniambia kwamba waliwahi kupanga zamu, wa zamu wakiwatolea kidogo waliobaki nyumbani. Ilidumu miezi michache, hata msimamizi mmoja akaanza kujichagulia vijana wenye nguvu.

"Miezi ile," alisema, "nililala hata honi sikuisikia."