Pumzi ya Shikamoo

Nina miaka 34. Kanuni maarufu, 220 toa umri, inanipa kilele cha mapigo 186 kwa dakika. Mbio za taratibu nisivuke 140 hivi. Juzi alfajiri, Coco Beach, mzee mmoja akanipita. Nikamfukuzia mpaka saa ikasoma 171, nikampita bila hata shikamoo. Pumzi sikuwa nayo.

Hiyo 186 ni makadirio tu, inaweza kunikosea kwa mapigo kumi au zaidi. Ila kwenye kiburi, saa haikunisingizia. Mbio za taratibu ndizo zinazojenga stamina, nami nilikuwa naziharibu ili nionekane. Je, nilihitaji kifaa kuniambia nimekosa adabu?

Leo saa nimeiacha nyumbani. Mzee akanipita tena. Nikamwamkia, akaitikia. Wote tulikuwa na pumzi.